Kikombe Nilichompa Mdogo Wangu

Watu wa Kindu wakikwambia mimi ni mkali, waamini. Nilikuwa mkali hata kwa munganga, daktari wa hospitali, aliyempa mdogo wangu vidonge vya kuacha pombe. Nilimuuliza mbele ya wagonjwa wote: muntu ana kidonda kwenye muguu, chuma cha reli kimemchana, wiki ya tano hakifungi, na wewe unaendelea kumpa vidonge vya pombe? Akacheka tu. Akarudia kwamba kidonge ni kila asubuhi, na akionja hata tone moja la pombe juu yake, atakiona cha mtema kuni.

Vidonge nilivitunza mimi, maana mke wake huamka mapema kuvuka mto Lualaba kwenda kuuza samaki sokoni. Tunaishi ng'ambo, Alunguli, nyumba mbili uwanja mmoja. Miezi minne mimi yaya yake, dada yake mkubwa, nilimpa kidonge na kumwambia afungue kinywa nione kama amemeza. Miezi minne hakulewa. Mke wake alikuwa amesema wazi: siku utakunywa tena, ninarudi kwetu Kailo na watoto. Mwanamke yule hatanii, na mdogo wangu bila watoto wake si kitu.

Lakini kile kidonda kilininyima usingizi.

Wakati wa vita treni ililala, na mdogo wangu, fundi wa treni, akabaki kukaa tu. Mimi nikaanza kupika lotoko nyuma ya nyumba, ile pombe kali ya mihogo na mahindi. Ilitulisha. Dawa hazikufika, si kwa reli, si kwa mto. Watu walikuja kwangu na vidonda vya panga na vya risasi, nikawaoshea kwa lotoko, wakapiga kelele mpaka mjini ng'ambo ya mto wakasikia, na wengi walipona. Kwa hiyo lotoko mimi niliiheshimu. Ni kweli pia kwamba mdogo wangu alianza kuinywa hapo hapo jikoni kwangu, nami sikumkataza, kwa sababu akilewa hakuogopa mabomu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Vita ilipokwisha treni ikaamka, akarudi kazini, kiu ikabaki.

Basi nikafikiri hivi. Mwilini muna askari wa kutulinda, walitufundisha kwenye mikutano ya afya. Pombe njo, ndiyo yenyewe, iliua vijidudu vya vidonda vyote vile. Kidonge kinaifukuza pombe. Kumbe kidonge kimewanyang'anya askari silaha! Jirani yangu alisema hivyo hivyo, na muntu akikubaliana nami huwa ninamwona ana akili sana. Nikachimba mizizi ambayo mama yetu alitumia kuongeza damu, nikailoweka katika lotoko siku tatu. Neno la munganga nililikumbuka, lakini nikajiambia lile ni la walevi. Hii ni dawa. Na dawa ya moto ni moto.

Jumamosi asubuhi nikampa kidonge, halafu kikombe.

“Kunywa. Ni ya damu.”

Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akakinywa chote.

Robo saa haikuisha. Macho yakawa mekundu, jasho likamtiririka, akatapika, akajishika kifua. “Yaya, moyo unataka kutoka!” Mama yangu! Nilipiga yowe, vijana wakambeba mpaka mtumbwini. Katikati ya mto akalegea, kichwa chake kikaangukia mapajani mwangu, baridi. Nilimtukana mpiga kasia kwamba anachelewa. Nilimtukana hata Mungu, kisha nikamwomba Mungu samahani. Yule wa kasia sikumwomba.

Hospitalini presha ilikuwa imeshuka sana. Wakamtundikia chupa ya serumu mshipani. Munganga akainama, akamnusa mdomo. “Amekunywa,” alisema.

Mke wake, aliyeitwa kutoka sokoni, alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado na magamba ya samaki. Hakulia. “Basi,” alisema. “Ninaenda kufunga vitu vya watoto.”

Munganga akanigeukia. “Mama, amekunywa nini?”

Ningeweza kunyamaza. Nani angenijua? Mlevi amekunywa, habari imekwisha.

“Njo mimi,” nilisema. “Mimi njo nilimupa.” Nikaeleza yote, mizizi, askari, kidonda, mbele ya mke wake.

Munganga safari hii hakucheka. “Kidonge hakiui askari wa mwili, mama. Pombe njo iliwalegeza, miaka yote hiyo, na ndiyo sababu moja ya kidonda kuchelewa kupona. Kidonge mara chache kinasumbua ini, ndiyo maana ninampima damu. Kuosha ngozi ni kitu kingine, kumimina tumboni ni kitu kingine. Ungekuja kuniuliza.”

Kuuliza! Mimi, niliyemgombeza mbele ya watu.

Mke wake aliniita jina ambalo siliandiki. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, akashika mkono wa mdogo wangu. “Baba watoto, unisamehe. Nilikuzania mubaya bure.”

Mdogo wangu alikuwa ameanza kupata nguvu kidogo. Angenyamaza angekuwa amesamehewa.

“Usiniombe samahani,” alisema. “Harufu niliisikia kabla kikombe hakijafika mudomoni. Nilijua iko lotoko. Yaya hakujua anafanya nini. Mimi nilijua, na nilikunywa na furaha.”

Mke wake akasimama, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Nilingoja aelekee mlangoni. Akavuta kiti, akaketi, akamuuliza munganga, “Kidonge ataanza tena siku gani?”

“Pombe ikishatoka kabisa, na tukishapima damu.”

“Nitampa mimi,” alisema, akaninyooshea mkono bila kuniangalia.

Pakiti nilikuwa nayo kwenye fundo la kitenge. Nikaifungua, nikamkabidhi.