Tumbo la Chatu

Juzi, kwenye video, mfugaji wa nyoka alipapasa uvimbe katikati ya mwili wa chatu wake. Alisema mayai yalikuwa yakipevuka, na uvimbe ungeshuka baada ya siku moja. Nilizima simu, lakini sikutulia.

Nikiwa mtoto, mchana mmoja kijijini kwetu Sori, kando ya ziwa, dagaa wa omena wakinuka juani, nilimwona chatu kando ya zizi, amevimba vivyo hivyo. Mwanambuzi wetu alikuwa amepotea.

"Baba, amemmeza!" nilipiga kelele.

"Mwanangu, huyo ni mama. Mwache," nyanya alimsihi baba.

Baba alimkatakata chatu kwa panga, akampasua. Ndani mlikuwa na viini vya mayai vya manjano tu, vimepangana kama shanga. Ndipo mwanambuzi akalia nyuma ya jiko, mahali pekee ambapo sikuwa nimemtafuta.