Kiwanja cha Mama Hurmatoy

Tangu mtaa wetu wa zamani hapa Tashkenti ulipobomolewa tukahamishiwa ghorofa ya saba, marehemu mama yangu, Hurmatoy, hakutulia. Anainuka, anachungulia dirishani, anakaa, anainuka tena. Chini kulikuwa na kiwanja kitupu chenye mforosadi mmoja. Alitaka kiwe baraza la majirani. Tulqin, mwenyekiti wa jengo, alitaka pawe maegesho ya magari.

"Mama, hapo hakai mtu," alimwambia. "Nioneshe watu, nami nitaghairi."

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, Mama alishuka na fagio. Alifagia kiwanja kizima, akanyunyiza maji, akaniamuru nipange mabenchi ya kuazima. Kwetu, mabenchi yakipangwa nje mapema hivyo, mahali palipofagiwa, maana yake ni moja: kuna msiba. Mimi nilikuwa na usingizi, sikufikiri. Mama naye, mpaka leo sijui kama alisahau.

Wanaume wakaanza kushuka, makoti yamefungwa vitambaa kiunoni kama waombolezaji wa kwetu. Tulqin alitangulia, macho mekundu, mikono juu kwa dua.

"Ni nani aliyetutoka, mama?"

"Hajatoka mtu. Kaeni, chai ipo."

"Mama!" alifoka dereva mmoja. "Nimelia tangu ghorofa ya tatu!"

"Basi una kiu. Chukua kikombe."

Watu wakaangua kicheko. Tulqin alinuna. "Msiba haufanyiwi mzaha."

"Wala sifanyi mzaha, mwanangu. Mlikuja kumzika nani? Yupi kati yenu analijua jina langu?"

Tulqin akasema taratibu, "Mama wa… ghorofa ya saba."

"Hurmatoy. Na wewe dereva?"

"Sobitjon, mama."

Mmoja mmoja walitaja majina, wakaketi. Tulqin alikunywa vikombe vitatu, kisha akaahirisha maegesho kwa mwaka mmoja.

Mama hakufurahi hata siku mbili. "Mwaka ukiisha je?" aliniuliza kila jioni, mpaka moyo wake uliposimama mwezi uliopita. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka wenyewe unaisha Jumatatu. Rangi nyeupe ya kuchora mistari imeshaletwa. Nimegonga milango yote, nikiwaomba majirani washuke asubuhi hiyo. Sobitjon amesema atakuja. Wengine wamesema inshallah, na inshallah ziko za namna nyingi.