Mjukuu Kaniita Mfeministi, Binti Yangu Kaninyamazia

Jina langu lifiche. Mimi ni bibi wa miaka sabini na nne, mjane, naishi Old Moshi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msihangaike kunisahihisha maandishi.

Mume wangu alipokufa, shemeji zangu walitaka nirudi kwetu wagawane kihamba, shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa. Nilisimama kwenye mimea ya masale ya mpakani na panga, nikawaambia atakayevuka namkata kama mgomba. Hakuvuka mtu. Humo ndimo nilimolelea binti yangu na mdogo wake wa kiume.

Krismasi walirudi wote. Mjukuu wangu wa chuo, mtoto wa huyo binti, akasimama mbele ya ukoo akasimulia habari ya panga. Akamalizia, "Bibi ndiye mfeministi wa kwanza wa ukoo huu!" Wakapiga makofi.

Nikamwambia, "Koma! Mimi ni mama wa kanisani. Hao mafeministi wenzako hata ndizi hawajui kumenya."

Watu wakacheka mpaka pombe ya mbege ikamwagika. Yeye hakucheka. "Sawa bibi, usiwe mfeministi. Kihamba utampa nani?"

Swali gani hilo? Cha nyumbani ni cha kitindamimba wa kiume, kila Mchaga anajua. Nikamtaja mwanangu wa Dar, anayekuja mara moja kwa mwaka na viatu vyeupe.

"Na mama je?"

"Mama yako aliolewa."

Aliolewa, akafukuzwa, akarudi. Ndiye anayekata majani ya ng'ombe, anayepalilia kahawa, anayenichemshia maji ya kuoga. Alikuwa palepale anakoroga mtori. Hakuinua kichwa.

Tangu siku hiyo hajanuna. Bora angenuna. "Shikamoo mama, maji tayari." Juzi tunafagia kaburi la baba yake migombani, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Mama, mimi nitazikwa wapi?"

Niliendelea kufagia. Sikukasirika, sikulia. Mpaka leo nakula sisikii ladha, nasali sisikii kitu.

Pasaka ukoo unakuja nitamke mrithi. Nikimpa binti, watasema bibi kafundishwa na mtoto wa chuo. Nikimpa kijana, basi yule, kwa mume kafukuzwa na kihamba si chake, hana hata pa kulala akifa.

Nyie mnaojiita mafeministi na nyie mnaowatukana, wekeni hayo majina pembeni. Binti yangu yuko zizini anakamua, akimaliza ataniletea maziwa na shikamoo yake. Nimjibu nini?