Betri za Tochi ya Bibi

Juma lililopita nilirudi kwetu Kivinje na kompyuta mkobani. Wewe unayenijua utacheka: fundi anayerekodi wanamuziki Dar, anaogopa kaseti moja! Lakini humo ndimo ilimobaki sauti ya bibi, na kwingine haipo. Mama yangu, ambaye siku hizi hainuki kitandani, alikuwa amenipigia simu: "Mwanangu, nitengenezee sauti ya mama, nimsikie alivyokuwa, kabla sijamfuata."

Nilipokuwa mdogo, mjomba ndiye aliyekuwa fundi mitambo wetu. Studio yake ilikuwa chumba cha bibi: magodoro ya sufi yamesimamishwa ukutani, redio kaseti juu ya kinu, bendi ya mtaa imebanana kitandani. Betri zikichoka tulizianika uani, kwenye ungo mmoja na makopa ya muhogo, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza na kufukuza kuku. Mjomba akiinua kidole, wimbo umeanza. Nilikuwa naogopa hata kumeza mate.

Siku moja, katikati ya wimbo, bibi aliingia na mwiko mkononi. "Nani kachukua betri za tochi yangu? Chooni mnataka niende kwa kupapasa?" Hakuna aliyethubutu kuzima redio, akagomba mpaka mkanda ukaisha.

Betri zenyewe, tulizozitia redioni, zilikuwa hoi. Ukirekodi kwa betri zilizochoka, mkanda hujikokota; ukija kuucheza kwa betri mpya, unakimbia. Basi bibi akabaki mle akigomba mbiombio, kwa sauti nyembamba ya kitoto. Tulicheka miaka yote, na yeye akicheka nasi. Alipofariki tukaiweka kaseti kabatini.

Leo kupunguza mwendo wa sauti ni kazi ya kidole tu, ndiyo inayonilisha. Tatizo ni kujua pa kuishia. Mimi nilishaisahau sauti yake halisi, mjomba tulishamzika, nikawa nategemea sikio la mama.

Nikapunguza kidogo. "Ndiye," akasema, machozi yakimtoka. Nikapunguza tena, bibi akawa mtu mwingine, mzito. "Ndiye huyo." Nikapandisha. "Ndiye, mwanangu. Ndiye."

Nilichagua mwendo mmoja kwa kubahatisha, nikamwekea kwenye simu. Ananiambia kila jioni anamsikiliza mama yake akidai betri, na mimi huku Dar najiuliza ni mama wa nani niliyemwachia.