Joho la Inchi Arobaini na Nane

Mtaani walimwita Majoho, na jina lake la kuzaliwa lilishamtoka mdomoni hata mwenye nyumba wake. Duka lake lilitazamana na geti la nyuma la chuo kikuu cha umma, na kwa miaka ishirini na sita majoho ya mahafali yalipita mikononi mwake. Shule aliishia darasa la saba. Ila mdogo wake wa kike, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa profesa wa hesabu ndani ya geti hilohilo, na Majoho alihakikisha unalijua hilo hata kama umekuja kubadilishiwa zipu tu.

Sasa basi, mwaka huo kiti cha mkuu wa chuo kilikuwa wazi. Waliomba kumi na moja, wakachujwa, wakabaki watatu, Profesa akiwemo. Usaili ulikuwa Alhamisi. Kila jioni alipitia dukani, akakaa kwenye stuli karibu na pasi, akamkabidhi kaka yake karatasi ya maswali.

"Niulize, kaka. Na usinionee huruma."

"Haya, mama," Majoho alijikohoza kiwaziri, akasukuma tumbo mbele. "Maabara hazina maji. Utafanyaje?"

Profesa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akajibu vizuri, bila kubabaika.

Jumatatu asubuhi akaingia dereva wa wizara na karatasi ya vipimo. "Fundi, joho la mkuu mpya wa chuo. Nalifuata Alhamisi saa sita."

Kifua arobaini na nane. Tumbo hamsini na moja. Majoho alisoma mara mbili. Mdogo wake alimjua inchi kwa inchi. Kifua chake hakikuwahi kufika arobaini hata alipokuwa ananyonyesha.

"Bwana dereva, si usaili wenyewe ndiyo hiyo Alhamisi?"

"Mzee wangu, mimi naendesha, wewe unashona. Wa kuchagua wameshachagua. Jamaa aliwahangaikia sana kwenye kampeni." Akachungulia nje, akashusha sauti. "Hujasikia kwangu."

Jioni Majoho alificha kitambaa chini ya meza, lakini karatasi aliisahau ukutani, alikozoea kubandika vipimo vyote. Na mtu wa hesabu, macho yake hukimbilia tarakimu. Profesa akasoma, akashuka mpaka chini palipoandikwa: mikanda mitatu ya dhahabu. Mikanda mitatu ni ya mkuu peke yake.

"Usiende," Majoho akasema. "Wasikuchezee, mdogo wangu."

"Nisipokwenda watasema niliitwa nikaogopa." Akakaa kwenye stuli. "Niulize swali la nne."

Akamuuliza. Sauti ya waziri haikutoka.

Alishona siku mbili. Jumatano aliupunguza mkono wa kushoto inchi tatu kwa makusudi, akauangalia, akaenda kusimama mlangoni, akarudi akaufumua. Mafundi wako wengi mjini, angemkomoa nani? Na hata hivyo mikono yake haikujua kuharibu. Joho likatoka zuri, ndugu yangu, zuri la kukera. Alhamisi saa sita dereva akalibeba begani.

Saa tisa Profesa akaingia, viatu mkononi, uso unang'aa kama wa msichana aliyefaulu.

"Kaka, walinisikiliza! Dakika arobaini! Mzee mmoja wa jopo aliweka kalamu chini, akawa ananiangalia tu. Lile la maabara nililijibu, we acha." Akashusha pumzi. "Huwezi kujua. Pengine wamebadilisha mawazo."

Majoho akajishughulisha na uzi ambao haukuwa na fundo.

"Lile joho," Profesa akasema, sasa taratibu, bila kumtazama. "Nguo kubwa si inapunguzika?"

Mlangoni hanga ya lile joho ilikuwa tupu. Profesa hakuwa ameiona, au aliiona.

"Inapunguzika," Majoho akajibu. "Kupunguza si kazi."

"Basi nipime kabisa, usije ukachelewa."

Akaweka viatu chini, akasimama wima katikati ya duka, akanyoosha mikono. Majoho akavua utepe shingoni. Akampima mabega, akampima kifua, akampima urefu wa mkono, akaandika kila kipimo kwenye karatasi mpya, polepole, kwa mwandiko wake bora.