Jina la Ugonjwa wa Ouma

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya tishu, Mkuu wa Maabara alinikalisha mbele ya hadubini kabla hata hajaniuliza jina. Nilikuwa nimetoka zahanati moja ya Kawangware, pale kituo cha matatu cha 56, ambako kazi ilikuwa makohozi na damu ya malaria, na nilijiona fundi kamili. Aliniwekea kipande cha msuli kilichotiwa rangi, akataka nimwambie ninaona nini. Nikasema naona vidoa vya bluu.

"Hivyo ni viini," akasema. "Maagizo yote ya seli yamo humo. Kama una haraka, rudi Kawangware."

Sikurudi. Nyinyi mafundi wa siku hizi mnabonyeza mashine inawapa majibu. Sisi tuliugandisha msuli, tukaukata kwa kriostati, mashine baridi yenye wembe, inayotoa vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara. Ukihema vibaya tu, kipande kimepeperuka na Mkuu anakutazama. Ile kazi, aki, ninaitamani hadi leo, hata makaripio yake.

Ouma tulifahamiana mtaani Kianda, tukiwa wapangaji wa ploti moja. Alikuwa seremala, mtu wa ziwa, mwenye utani wa kukumaliza mbavu. Viwiko vyake havikunyooka, na alitembea kwa vidole, visigino havigusi chini. Mikono yake, kuanzia begani hadi kiwikoni, ilikuwa imekonda, na miaka ile ya tisini mtu akikonda, majirani walishampa ukimwi bila kumpima. Kwao walisema ni chira, adhabu ya kuvunja mwiko, kwa sababu baba yake na kaka yake walianguka wakafa ghafla wakiwa bado na nguvu zao. Mimi nilimpenda, sitaki kuzunguka. Naye alinipenda, ila kupeleka mahari kwetu Bungoma alikataa.

"Nafula, nikuoe halafu nikuachie watoto wa chira?" aliniambia. "Tafuteni jina la hiki kitu. Mkilipata, naenda kwenu."

Nikampeleka kwa Daktari Mshauri wa misuli, na kipande chake nilikikata mwenyewe. Nyuzi nyingine zilikuwa nene, nyingine zimesinyaa, lakini rangi zote tulizokuwa nazo hazikutupa jina. Daktari alisikiliza moyo, akaupima, akakuta mapigo yanakwenda polepole mno. Alimwambia anahitaji kifaa cha kuuchochea. Vifaa hivyo vilikuwa haba, kwa hiyo Ouma akaambiwa asubiri zamu yake.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni Mkuu aliponiita akiwa na jarida la kisayansi kutoka ng'ambo. Alinieleza kuhusu lamini, protini zinazofuma wavu ndani ya ukuta wa kiini. Wavu huo hukishikilia kiini kisibonyee, na husaidia kupanga jeni mahali pake. Ukiwa na kasoro, seli zinazovutwa bila kupumzika, za misuli na za moyo, ndizo huumia mapema. Viwiko, visigino, moyo unaokosa mapigo, ugonjwa unaotoka kwa baba kwenda kwa mwana, yote yaliandikwa pale, pamoja na jina la ugonjwa. Kuthibitisha jeni hatukuweza, lakini Daktari Mshauri alisema dalili zinalingana. Nililia mbele ya bosi wangu bila haya.

Nilimkuta Ouma kwenye karakana yake, upande wa mtaa wa Olympic. Nilipomweleza, alifurahi kwanza kwa ajili ya baba yake, kwamba mzee hakuwa amevunja mwiko wowote. Kisha akauliza kuhusu watoto. Sikumficha. Kila mtoto angekuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.

Akaweka randa chini. "Sasa si mmenifungia mlango?"

"Mimi sikuomba watoto, Ouma. Niliomba wewe."

Alinitazama sana, akacheka, akasema basi, Krismasi wazee wake wangefika kwetu. Na kweli alimtumia mjomba wake ujumbe. Krismasi haikutukuta. Moyo ulisimama akiwa kazini, zamu ya kifaa ikiwa bado haijafika.

Niliendelea kukata misuli ya watu mpaka nikastaafu. Siku hizi jeni hiyo inaweza kupimwa, na moyo wa mtu ukalindwa mapema, na mimi nafurahi, ingawa furaha hiyo huniuma. Wanafunzi wakija kunisalimia huniuliza kama kazi iliniridhisha rohoni. Nawaambia ndiyo, na sidanganyi. Wakiondoka, mawazo hunirudisha kwao Ouma, siku ya mazishi.

Wanawake wa boma waliketi karibu na jeneza. Wazee wake hawakuwa wamefika kwetu na mahari, kwa hiyo mimi sikuwa mtu wa boma. Nilikaa chini ya hema pamoja na wale waliokuja na basi kutoka Nairobi. Mama mmoja mpole akaniletea soda, akanipa pole ya safari, akaniuliza nilikuwa nani kwa marehemu.

"Jirani tu," nikamwambia.