Nilifuta Kazi za Watu Ng'ambo, na Mpwa Wangu Ndiye Anayelaumiwa

Jina langu lifungieni kabatini, nyinyi wa ukurasa huu, maana likitajwa hapa Kakamega hata mbuzi watageuka kuniangalia. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tisa, nina mke na watoto, na shule niliachia darasa la saba. Lakini msinidharau. Nilikuwanga mlinzi wa msitu kule Isecheno, na kuna nyani dume mmoja, mkubwa kama ndama, nilimkemea mara moja tu akahamia upande wa Nandi na hajarudi. Mtu wa namna hiyo huogopa nini? Leo naogopa hata simu ikilia.

Siku hizi niko ofisi ya watu wanaochunguza ndege wa msitu. Kazi nilitafutiwa na mtoto wa dada yangu, nimwite Rispa, ambaye amesoma mpaka chuo kikuu. Niliajiriwa kufagia na kupokea wageni, lakini kwa akili yangu kompyuta niliishika upesi kuliko wenye digrii. Rispa akiwa msituni kuhesabu ndege, mimi humtumia faili zake Ijumaa. Alinipa neno la siri, ingawa bosi alikataza mtu mwingine yeyote asilijue.

Niwaeleze inavyofanywa. Hakuna picha wala mapambo, ni kioo cheusi na wewe unaandika amri. Modemu inalia kama kuku aliyeshikwa miguu, halafu unafunguliwa mashine iliyoko Ulaya. Ukiingia unasimama kwanza kama sebuleni, pale vituo vya nchi zote huweka kazi zao zilizokamilika. Unaandika cd na jina la folda yetu, ndipo uingie chumbani kwako. Humo unafuta faili kuukuu kwa mdel, kisha unapandisha mpya kwa mput. Mashine hiyo ina maswali mengi: kila faili inakuuliza, nifute? nifute? Mimi huifunganga mdomo mapema kwa neno prompt. Sipendi kuulizwa-ulizwa.

Ijumaa hiyo kaka wa mke wangu alitoka Shinyalu kuja kunitembelea ofisini. Tunaitana mulamwa, yaani shemeji, na shemeji ni mtu wa heshima, huwezi kuaibika mbele yake.

“Mulamwa,” akasema, “unasemanga unaongea na Ulaya. Mbona mimi naona taipureta imeolewa na televisheni?”

“Keti uone.”

“Basi waambie huko Ulaya walete chai.”

Nikaingia. Vidole vikakimbia, macho yangu yako kwake nione kama anashangaa. Prompt. Mdel, na ile alama ya nyota inayomaanisha vyote. Majina yakaanza kuteremka kiooni kama mahindi yanayomwagwa kutoka guniani.

“Unaona?” nikamwambia. “Ulaya inanitii.”

Kisha nikasoma. Uganda. Zambia. Kameruni. Sikuwa nimeandika cd. Nilikuwa bado sebuleni, nafuta mali ya watu! Nikang'oa waya wa simu ukutani, ukatoka na kipande cha plasta. Mashine ilikuwa imeshamaliza.

Mulamwa akapiga makofi. “Kumbe dada yangu aliolewa na mtu!”

Jumatatu faksi ikaja kutoka Ulaya. Aliyefuta aliingia wiki iliyopita kwa jina la kituo cha Kakamega, na nyingi kati ya kazi zile hazina nakala kwingine. Bosi akasema huu ni uhalifu na polisi wataitwa. Rispa akajibu kwamba ni yeye peke yake anayelijua neno la siri. Alisema hivyo ili nisifukuzwe mimi.

Jioni alinifuata stoo.

“Mjomba, Ijumaa uliingia?”

Nikamtazama usoni, mtoto niliyembeba mgongoni dada yangu akiwa hospitali. “Simu ilikuwa imekufa,” nikasema. “Sikuingia.”

Akavuta pumzi. “Basi ni mimi, nilipoingia Alhamisi kabla ya kwenda msituni. Tuko wawili tu wenye neno la siri, na wewe huwezi kunidanganya.”

Tangu hapo silali. Gari likipunguza mwendo barabarani natoka kwa mlango wa nyuma. Obusuma, ugali wetu, naukanda mkononi unapoa, mke wangu anafikiri nimerogwa. Na huyo mulamwa, shahidi wangu, anatembea Shinyalu yote akitangaza nilivyoitiisha Ulaya Ijumaa ile. Nikisema ukweli, kazi imekwisha na labda pingu, na Rispa naye ataonekana mwongo aliyetoa siri ya ofisi. Nikinyamaza, atafukuzwa peke yake, na ufadhili wake wa kwenda kusomea shahada ya pili utakufa hapo hapo.

Bosi yuko Nairobi, kikao cha kumhoji Rispa ni akirudi mwisho wa mwezi. Jana Rispa alikuja nyumbani na soda ya watoto, akaniomba nikae kando yake siku hiyo. “Mjomba, wewe mashine unaielewa. Nifundishe nilikosea wapi, nikiulizwa nisikae kama mjinga.”

Nikamfundisha. Nikamweleza sebule, nikamweleza cd, nikamweleza prompt, polepole, kama mwalimu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, halafu akafuta machozi akasema, “Ni kweli. Sasa hata nakumbuka nikifanya hivyo.”

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?